Mfumo wa Msimamizi

Saa 2:00 asubuhi

Chumba cha nyuma cha dobi kilinuka sabuni na nguo mbichi. Watu wanne walisimama kuizunguka meza ya kupigia pasi. Juu yake karatasi kubwa yenye mchoro: uchochoro, ngazi, ofisi ya sonara ghorofa ya tatu, kasiki.

Aliyeshika penseli alikuwa Msimamizi. Jina alilitoa kiwandani, alikosimamia zamu ya wafunga sabuni kwa miaka kumi na mmoja kabla hawajamtimua. Majambazi wengine huota bunduki. Yeye aliota utaratibu.

"Fundi, kazi yako."

"Kasiki. Dakika sita," akajibu mwanamke aliyejua kufungua kufuli kabla ya kujua kushika kalamu.

"Pandikizi?"

"Mlinzi, halafu begi." Lile jitu likapiga mwayo. "Mkuu, nilipokuwa na kazi ya halali sikuwahi kukalishwa vikao vingi namna hii."

Wakacheka. Msimamizi alitamani kucheka, akajizuia. Akicheka nao atawazoea, na akiwazoea ataanza kuuliza wana watoto wangapi.

"Dereva?"

"Nipo uchochoroni. Saa nne na dakika kumi naondoka. Aliyepo yupo, asiyekuwepo shauri yake."

"Na amri mpya katikati ya kazi?"

Wote kwa pamoja, kama darasani: "Haisikilizwi!"

"Hata ikitoka kwangu."

Kanuni hiyo ilipatikana kwa uhai wa mtu. Miaka minane nyuma Msimamizi alibadili mawazo kazini, akapiga kelele warudi. Mmoja alirudi, akapigwa risasi mlangoni. Tangu siku hiyo alikata shauri: kikosi chake hakitamtegemea mtu, hata yeye mwenyewe. Majina ya kweli marufuku. Kujuana makwao marufuku. Simu hutupwa kila kazi ikiisha. Miaka minane hakukamatwa hata mmoja. Na mwaka alipolala na homa wiki nzima, hakuna aliyekuja kumjulia hali, maana hakuna aliyejua anapolala.

Saa 3:57

Walipanda ngazi wakiwa wamevaa ovaroli za mafundi wa umeme. Mlinzi alifungua mdomo, Pandikizi akamfumba, akamfunga, akamlaza chini polepole.

"Kaa kitako, mzee," Msimamizi akamwambia sonara. "Hatuna ugomvi na wewe."

Sonara akakaa. Wakamfunga kwenye kiti.

Fundi akapiga magoti mbele ya kasiki. Kila mkono ulijua pa kwenda. Msimamizi alisimama katikati ya chumba bila kazi yoyote, roho ikimjaa furaha ambayo hakuwa na wa kumsimulia.

Saa 4:05

Kasiki likaachia. Mikufu, pete, vipande vya dhahabu, vyote ndani ya begi.

Saa 4:07

King'ora kikalia. Macho yote yalipokuwa kwenye dhahabu, sonara alikuwa amejiburura na kiti chake hadi kwenye kitufe cha king'ora chini ya meza.

"Twendeni!"

Wakashuka mbio. Kati ya ghorofa ya pili na ya kwanza goti la Msimamizi likageuka. Alisikia mlio wake kabla ya maumivu. Akabingirika ngazi saba, akajaribu kusimama, mguu ukakataa.

Pandikizi akamruka na begi lake. Fundi, aliyekuwa nyuma, akasita.

"Subirini!" Msimamizi akaita. "Fundi, nipe bega. Mwambie Dereva asubiri, dakika mbili tu!"

Fundi akatazama saa. Machozi yakamlenga.

"Hiyo ni amri mpya, mkuu."

"Najua ni amri mpya! Kanuni si nimeiandika mimi?"

"Ndiyo. Na imetuweka hai." Akashuka ngazi mbili, akageuka. "Niwie radhi."

"Pandikizi!"

Huko chini miguu mizito ikasimama. Msimamizi akashika vyuma vya ngazi kwa mikono yote miwili, akisikiliza. Kisha miguu ikaendelea na safari yake.

Saa 4:10

Injini ikanguruma uchochoroni, ikaondoka. Haikuchelewa hata sekunde. Msimamizi akajivunia, kweli kabisa akajivunia. Halafu akalia kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya hata siku alipofukuzwa kiwandani.

Saa 8:30 mchana

Katika kituo cha polisi, mguu wa Msimamizi ulikuwa umefungwa bendeji. Afisa wa upelelezi, mwanamke wa makamo, alivuta kiti.

"Wenzako ni nani?"

"Sijui."

"Usinichezee, baba. Umefanya nao kazi muda gani?"

"Miaka minane."

"Na hujui jina hata la mmoja?"

"Wallahi sijui."

Afisa akamkazia macho kwa muda mrefu. Alikuwa amehoji waongo wengi, akaona huyu hasemi uongo. Akafungua fomu nyingine.

"Haya. Ndugu wa kumpigia simu, akuletee nguo na dawa. Nimwandike nani?"

Msimamizi akafungua mdomo. Akafikiri. Kalamu ikangoja juu ya karatasi. Akaendelea kufikiri mpaka afisa akachoka, akaandika mwenyewe: hakuna.