Mwalimu Viola na Kijana wa Tezo

Kofi la kwanza lilimpata Ngowa mbele ya meza ya mchicha, sokoni Malindi, Jumamosi saa nne asubuhi. Alikuwa ameshuka kutoka Tezo muda si mrefu, shati jeupe jipya mwilini, begi mgongoni, na kosa lake lilikuwa kukimbia. Alikimbia kwa sababu mvua ilianza kudondoka. Nyuma yake mwanamke mmoja alikuwa amelia kwamba ameporwa simu, na watu wakaona kijana anayekimbia.

Walimwangusha. Mateke yakamwingia mbavuni, rungu likamshukia begani, na mtu akauliza nani ana kibiriti. Ngowa alijaribu kutaja jina lake lakini mdomo ulikuwa umejaa damu. Ndipo mtu alipomlalia mgongoni na kumfunika kichwa kwa mikono, akinukia asumini.

"Siye huyu," sauti ya mwanamke ilisema juu ya sikio lake, taratibu. "Mwizi nimemwona. Kavaa fulana nyekundu, kapita uchochoro wa wauza samaki. Mkitaka kumpiga huyu, anzeni na mimi."

Jiwe lilikuwa limekwisha kurushwa. Lilimpata yule mwanamke mkononi, kidole kikavunjika kwa mlio ambao hata wenye marungu waliusikia. Umati ukapoa. Mmoja mmoja wakarudi kwenye nyanya zao kana kwamba hawakuwapo.

"Waweza kusimama?" aliuliza. Gauni lake la manjano lilikuwa limelowa damu isiyokuwa yake.

"Naweza. Dada, kidole chako."

"Nimekiona. Wewe umekiona kichwa chako?"

"Sina kioo."

Alicheka huku machozi ya maumivu yakimtoka, akasimamisha tuktuk. Njia nzima hadi hospitali Ngowa alishika kichwa, naye akashika kidole. Muuguzi aliita "Viola", mwanamke yule akaingia chumba cha mifupa, na Ngowa aliposhonwa na kutoka, hakumkuta tena. Alibaki na hilo jina moja.

Jumatatu alipanda ngazi za ofisi aliyoajiriwa, kampuni ndogo katikati ya mji iliyotunza rejista za zamani za mashamba ya makazi ya pwani: nani alipewa kipande gani, mwaka gani, nani alirithi. Waandishi wapya wa programu walikuwa sita. Mlango ukafunguka, akaingia mwanamke mwenye sketi ya buluu iliyopigwa pasi, nywele zimesukwa mistari, na kidole cha mkono wa kushoto ndani ya bandeji.

Aliwatazama wote, macho yakatua nyuma.

"Wewe mwenye uso kama embe lililoanguka. Jina lako nani?"

"Ngowa, mwalimu."

"Leo unatamka bila damu mdomoni. Vizuri." Akageukia ubao. "Naitwa Viola. Nitawafundisha COBOL. Ni lugha ya kompyuta iliyozaliwa kabla ya wazazi wenu kuoana, na rejista yetu yote imeandikwa kwayo. Nani ameshawahi kuiandika?"

Hakuna aliyeinua mkono.

"Basi tuko sawa. Lugha hii inataka kila neno likae mahali pake, na sentensi inaisha kwa nukta. Ukisema 'kama huyu amefariki', yote yanayofuata yanamhusu marehemu mpaka nukta. Ukiiweka nukta mapema, kinachofuata kinamwangukia kila mtu. Kuna mmoja aliikosea hapa miaka ile. Wajane sitini na wawili wakaandikwa wamekufa pamoja na waume zao."

"Mlijuaje?" Ngowa aliuliza.

"Mmoja wao alikuja hapa kwa miguu kutuambia kwamba yu hai."

Aliwapeleka chumba cha pili, palipokuwa na simu nne na mama mmoja mnene mchangamfu aitwaye Lynn, mkuu wa dawati la msaada. "Wiki mbili za kwanza hamgusi programu," Viola alisema. "Mtakaa na Lynn mpokee simu. Programu ikiugua, wa kwanza kujua ni huyu, si nyinyi. Akikwambia kuna kitu hakiko sawa, mwamini kabla ya kuiamini mashine."

"Na mniletee viazi vya karai saa nne," Lynn aliongeza. "Hilo nalo limo katika mafunzo."

Simu nyingi za wiki hiyo zilitoka Mkongeni, kitongoji cha ndani ambako familia arubaini zilikuwa na kesi mahakamani. Tajiri mmoja, Kavumbi, alidai ardhi ile ni yake na watu wale ni wavamizi. Usiku mmoja wa mwezi uliopita nyumba tatu zilikuwa zimechomwa, na mzee mmoja alikatwa mkono alipojaribu kutoa mbuzi wake. Waliokuwa wakipiga simu waliuliza jambo moja tu, jina langu bado limo? Ngowa alitafuta, akawasomea namba ya kipande, na upande wa pili akasikia watu wakishusha pumzi.

Jioni akampigia mwalimu wake.

"Mwalimu, nina swali la kazi."

"Uliza."

"Asumini unanunua wapi?"

"Hiyo iko sura ya ngapi ya COBOL?"

"Ya mwisho. Nimeruka."

"Mwanafunzi mvivu. Ninaichuma kwa jirani. Lala, Ngowa."

"Siwezi kulala, mbavu zinauma. Nisomee kitu."

Akamsomea maelezo ya programu mpaka wote wawili wakashindwa na kicheko. Siku zilivyokwenda simu zikawa ndefu. Viola alizaliwa Kisumu Ndogo, mtaa wa hapo hapo Malindi, mtoto wa fundi cherehani aliyehamia kutoka bara, na alikuwa amekua akiona watu wakipigwa kwa makosa ya wengine. Baba yake mwenyewe alikuwa amepoteza jicho hivyo. Ngowa alimwambia mengi pia, ila hakumwambia habari za Dzombo.

Dzombo alikuwa kaka yake. Ndiye aliyemlea Ngowa baada ya baba yao kufariki, akauza mnazi wa urithi Tezo ili mdogo wake asome. Sasa alimfanyia kazi Kavumbi, na kazi yenyewe ilikuwa ya rungu na petroli.

Jumapili moja Dzombo alimfuata chumbani kwake.

"Nina shida ndogo," alisema. "Majina arubaini. Wewe unakaa nayo kutwa. Yafute."

"Kaka, siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki. Yule mzee aliyekatwa mkono huwa ananipigia simu."

Dzombo alimpiga kwanza kwa kiganja, kisha kwa ngumi, kisha kwa mkanda wenye chuma. Alimpiga akilia. "Nilikusomesha ili unikatae?" alisema, na kila neno lilikuja na pigo lake. Alipochoka alikaa kitandani, akamwacha mdogo wake sakafuni, halafu akaondoka.

"Nimeanguka na bodaboda," Ngowa alimwambia Viola kesho yake.

Viola alimgusa jicho lililofumba. "Bodaboda ya nani hii yenye vidole?"

"Laazizi, niachie hili."

"Nakuachia kwa leo. Lakini mimi si mtu wa kufichwa. Ukinificha jambo, nitalijua siku mbaya."

Siku mbaya ilikuja Alhamisi. Asubuhi, Ngowa akifunga viatu, Dzombo alipiga simu.

"Usiende kazini leo."

"Kwa nini?"

"Nimekwambia usiende." Akakata.

Ngowa alisimama na simu mkononi. Angeweza kumpigia Viola. Angeweza kwenda polisi na kumtaja aliyemsomesha. Alijiambia kwamba ni vitisho tu, na kwamba likitokea lolote atakuwapo yeye mwenyewe kulizuia. Akaenda, hakusema neno.

Saa tano walipanda ngazi watu watano wenye mapanga na nondo, nyuso zimefungwa vitambaa. Mlinzi walimwacha chini na meno yake yametawanyika. Lynn alikuwa kwenye simu. Nondo ilishuka juu ya mkono ulioshika simu, akaanguka na kiti chake. Vioo vya kompyuta vilipasuka kimoja kimoja. Viola alitoka darasani mbio, akasimama mbele ya mlango wa chumba cha mashine kuu, mikono kwenye miimo.

"Kando," mmoja alisema.

"Humu hamna mali. Mna majina tu."

"Ndiyo tuliyofuata."

Panga likapita hewani. Halikumpata shingoni kwa kuwa aligeuka; lilimpasua kuanzia chini ya jicho hadi taya. Aliteleza ukutani na damu ikamfuata. Ngowa alikuwa amefika na mtungi wa kuzimia moto, akampiga nao mwenye panga begani, mfupa ukavunjika, kitambaa cha usoni kikadondoka. Alikuwa Dzombo.

"Ngowa," kaka yake alisema, akishika bega. "Nilikwambia asubuhi usije."

Viola alikuwa bado ana fahamu. Alisikia. Alimtazama Ngowa kwa jicho moja lisilokuwa na damu.

"Ulijua," alisema.

Wale wengine wakaipondaponda mashine, wakamburuta Dzombo, wakaondoka.

Polisi walimchukua Ngowa jioni ile. Kwa siku nne alilala kwenye sementi, na kila alipohojiwa alipigwa nyayo kwa fimbo aseme alilipwa nini. Siku ya tano walimwachilia. Mlinzi alikuwa amesema kwamba waliovunja mlango hawakufunguliwa na mtu, na Dzombo alikuwa amekamatwa akitafuta wa kumfunga bega.

Kwa Mkongeni hakuna kilichopotea. Kila jioni Viola alikuwa akituma nakala ya rejista Mombasa, na majina arubaini yalifika mahakamani kama yalivyoandikwa. Lakini alipojua Ngowa ametoka, aliipokea simu yake mara moja tu.

"Viola, nisikilize."

"Shavu langu lina nyuzi kumi na tisa, kwa hiyo nitasema machache. Nilikulalia mgongoni nikiwa sikujui, nikapigwa mawe yako. Wewe ulinijua, ukaniacha nije kazini kukatwa."

"Nilidhani nitaweza kuzuia."

"Lynn hawezi kukunja vidole. Usinipigie tena."

Hakumpigia. Alikwenda Tezo kumwona mama yake, akamkuta amekaa mlangoni, hajasuka ukili siku nyingi.

"Wanakutaka uwe shahidi," mama alisema.

"Ndiyo, mama."

"Dzombo aliuza mnazi wa baba yako ili uvae viatu vya shule. Ukisimama pale ukamtaja, usirudi hapa."

"Alimkata mtu uso, mama. Mtu ninayempenda."

"Nimekusikia. Nawe umenisikia."

Kesi ilisikilizwa Malindi. Viola alitangulia kutoa ushahidi, kitambaa cheupe kichwani, kovu bado jekundu, kisha akakaa benchi la nyuma na Lynn. Ngowa alipoitwa, hakujua kama Viola bado yumo ukumbini. Aliapa, akasema mchana ule ulivyokuwa. Mwendesha mashtaka akamwuliza kama mshtakiwa aliwahi kumtaka afute majina kabla ya hapo.

"Jumapili iliyotangulia."

"Ukafanyaje?"

"Nilikataa. Akanipiga kwa mkanda."

"Kwa nini hukuripoti?"

"Kwa sababu ni kaka yangu. Na asubuhi ya shambulio alinipigia akaniambia nisiende. Sikumwambia mtu. Hilo ni kosa langu, nalisema hapa kwa sababu wanaostahili kulisikia wamo humu au watasimuliwa."

"Unamwona aliyemkata Bi. Viola?"

Ngowa alinyoosha mkono. Dzombo, mkono wake kwenye tanzi la kitambaa, alimtazama mdogo wake, kisha akaangalia sakafu. Alipata miaka tisa jela. Kavumbi aliyemtuma alikuwa amevuka mpaka, na kesi yake inangoja mpaka leo.

Jioni ile simu ya Ngowa ililia.

"Hukuniambia kwamba ile bodaboda ilikuwa mkanda," Viola alisema.

"Niliona haya."

"Nimekuwa nikikuchukia miezi mitatu kwa kupanga nao. Kumbe ulipigwa kwa kukataa."

"Lakini nilijua asubuhi ile. Hilo ni kweli."

"Ni kweli. Hilo bado nina hasira nalo, na nitakuwa nayo siku nyingi. Nataka niwe na hasira ukiwa karibu, si ukiwa mbali. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Njoo basi. Na Lynn anauliza viazi vya karai viko wapi."

Mwezi wa nane Ngowa alimwambia anataka kumwoa, wakiwa wamekaa ngazini nje ya ofisi iliyopakwa rangi upya, yeye akipuliza chai. "Sina mama wa kumtuma kwenu," alisema.

"Unaye," Viola alijibu. "Hujaenda kumwuliza. Tutakwenda wawili."

Walifika Tezo Jumapili saa sita mchana. Viola alivaa gauni la kijani na hakujifunika uso. Mama alikuwa kizingitini akipeta mahindi.

"Shikamoo, mama," Viola alisema.

Mama hakuitikia. Aliweka ungo chini, akainuka, akamsogelea. Alimtazama tangu chini ya jicho hadi taya.

"Hili ni la mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa mkono wake mwenyewe?"

"Kwa mkono wake."

Mama alipitisha kidole juu ya kovu, polepole, mpaka mwisho.

"Marahaba," alisema hatimaye. "Jua kali. Ingieni."

Waliandaliwa sima na mboga ya mchunga iliyoungwa kwa nazi. Ngowa alikula kichwa kimeinama. Hakuna aliyemtaja Dzombo mpaka sahani zilipoondolewa, na aliyemtaja alikuwa mama.

"Jumamosi ni siku ya kumwona," alimwambia Ngowa. "Miguu yangu haifiki peke yake. Utanipeleka."

"Nitakupeleka, mama."

Mama akamgeukia Viola.

"Nitakuja nanyi hadi langoni," Viola alisema. "Ndani siwezi. Labda mwaka mwingine, labda hata huo siwezi."

Mama alitikisa kichwa kukubali, akaokota ungo wake.

"Langoni panatosha, mwanangu," alisema.