Diski ya Sita

Saa 2:10 asubuhi

"Rudia," Pacha alisema.

Walikuwa wanne katika stoo ya nyuma ya duka la magodoro, mahali pazuri kwa mazungumzo ya aina ile, maana sponji humeza sauti.

"Mashine ina diski kumi na mbili," alisema Fundi. "Namba tano inakufa, ndiyo walioniitia. Naichomoa, naweka mpya. Mashine inaanza kuijaza ile mpya kwa kusoma zile kumi na moja zilizobaki. Imejaa pomoni, kwa hiyo itachukua saa nyingi. Katika muda huo haiwezi kuvumilia kupoteza diski nyingine hata moja. Nachomoa namba sita. Kila kitu kimekwenda."

"Na wao watasemaje?"

"Bahati mbaya. Diski za umri mmoja hufa pamoja. Hutokea."

Pacha akatabasamu. Jina hilo hakupewa bure. Ndugu yake waliyezaliwa naye siku moja alikuwa rumande, na saa nane mchana huo angesimama kizimbani. Ushahidi dhidi yake ulikuwa mmoja tu: video ya mlinzi wa ghala aliyepigwa risasi. Mlinzi aliishi siku nne. Ya tatu alirekodiwa kitandani akimtaja aliyempiga, ya nne akakata roho. Video ilikaa kwenye mashine ya masjala ya mahakama. Nakala ya akiba haikuwepo.

Kwa nini haikuwepo? Hapo ndipo penye aibu. Karani wa masjala alikuwa dada yake Fundi, wa toka nitoke. Jumapili alikuja kumlilia mdogo wake: mashine imejaa, maombi ya mpya yamelala mezani kwa wakubwa, imebidi afute nakala za akiba ili apate nafasi. "Usimwambie mtu," alisema. Jumatatu Fundi akamwambia Pacha.

Msije mkasema alilazimishwa. Ni kweli Pacha alikuwa amemshika pabaya, kwa kuwa mlango wa umeme wa ghala lile ulifunguliwa na Fundi huyuhuyu. Lakini Jumatatu ile hakuna aliyemuuliza kitu. Aliropoka mwenyewe, mbiombio, ili aonekane wa maana.

"Kimya ataingia nawe kama msaidizi," Pacha alisema. "Mikono ikikutetemeka, yeye atamaliza. Umesikia, Kimya? Namba sita."

Kimya akakubali kwa kichwa. Hakuwa mtu wa maneno. Alichokuwa nacho cha kusema alikiweka kiunoni, chini ya ovaroli.

Saa 4:25 asubuhi

Breki, dereva wao, alibaki kwenye gari ng'ambo ya barabara. Kwenye geti la mahakama mlinzi aliunyooshea mkono mkoba wa vifaa.

"Wee! Wee!" Dada alikuwa anashuka ngazi mbilimbili. "Mdogo wangu huyo! Tangu lini mdogo wangu akapekuliwa kama kibaka?"

Mlinzi akacheka, akarudisha mkono. Bastola ikapita. Dada akamwandika Fundi kwenye daftari la wageni kwa mkono wake, akamtazama toka juu hadi chini.

"Umekonda. Mkeo kagoma kupika?"

"Siku hizi napika mimi."

"Ndiyo maana."

Alicheka peke yake. Fundi alijitahidi kucheka, mdomo ukamgomea. Njia nzima hadi chumba cha mashine dada alikuwa anawaambia makarani wenzake, mmoja baada ya mwingine, kwamba huyu ndiye yule anayewaokoaga. Kila alipopeana nao mkono, Fundi alitamani ardhi ipasuke.

"Nawaletea chai," dada alisema, akaondoka.

Saa 4:40 asubuhi

Chumba kilikuwa baridi. Kimya alisimama akiangalia mlango, mgongo kwa mashine. Fundi aliichomoa diski yenye taa ya njano, akasukuma mpya mahali pake. Taa ikacheza, kijani. Kwenye skrini ikatokea: asilimia moja.

"Tayari?" Kimya aliuliza.

"Tayari."

"Maliza."

Mkono haukwenda. Aliutazama kama wa mtu mwingine.

"Maliza, nimesema."

"Ngoja kidogo, ndugu yangu..."

Kimya hakungoja. Alimsukuma kwa kiwiko, akaanza kuhesabu kwa kidole kutoka kushoto, midomo ikimchezacheza. Moja. Mbili. Tatu.

Fundi akaona. Mashine ile huanza kuhesabu kwenye sifuri. Diski ya kwanza ni namba sifuri, ya pili ni namba moja, na kuendelea. Mafundi wamezoea hivyo hadi hawakumbuki kumweleza mtu. Kidole cha Kimya kilipofika sita, kilikuwa juu ya namba tano, ile mpya aliyoiweka sasa hivi, isiyo na kitu cha maana ndani. Kuichomoa hiyo hakuui chochote. Zile kumi na moja zilikuwa nzima.

Angeweza kumsahihisha. Alinyamaza. Wala msimsifu, hakuwa shujaa. Aliogopa kulia, akaogopa kushoto, na kunyamaza ndiko kulikokuwa rahisi.

Kimya akachomoa. King'ora cha mashine kikalia, kikali, kisichokoma. Akaitia diski mfukoni.

"Twende."

Saa 4:52 asubuhi

Dada alikuwa mlangoni na sinia la chai.

"Nini hicho kinalia?"

"Nyingine imekufa, dada." Maneno aliyokuwa ameyafanyia mazoezi yalitoka laini kabisa, na hilo lilimuumiza zaidi. "Bahati mbaya."

"Na video?"

Fundi akatazama sakafu. Dada akaliweka sinia chini taratibu, akakaa kwenye kiti.

"Nakala nilifuta mimi," alisema. "Yule baba wa watu alisema kwa pumzi ya mwisho. Nikamfuta mimi."

Kisha akavuta karatasi, akachukua kalamu.

"Nendeni. Naandika niliigusa mashine mwenyewe kabla hamjafika. Nitamwambia hakimu hivyo hivyo. Wewe una watoto, wasije wakakutia ndani kwa uzembe wangu."

Kimya alimvuta Fundi mkono wa shati. Furaha ilimjaa usoni. Hatua tatu hadi mlangoni, korido moja, ngazi, gari. Dada angekiri, hakimu angefunga kesi, na nani angehangaika tena kujaribu kuifungua video iliyokwisha kutangazwa maiti?

Kalamu ikagusa karatasi.

"Usiandike!" Fundi alipiga kelele. "Haijafa, dada. Video ipo. Amechomoa iliyo tupu."

Kimya akamgeukia. Hakuuliza kitu. Bastola ikalia mara moja, Fundi akaanguka akishika paja.

Jambazi hodari, lakini alisahau jambo ambalo kila mwizi wa kuku analijua: mahakama asubuhi imejaa askari waliosindikiza mahabusu. Kimya alifika katikati ya korido. Wakamlaza kifudifudi juu ya vigae, diski ikamtoka mfukoni. Nje, Breki aliposikia mlio ule alitia gia akaondoka bila kutazama nyuma.

Saa 5:03 asubuhi

Dada alipiga magoti, akamfunga paja kwa mtandio wake. Damu ilikuwa imemfika viwikoni.

"Tulia. Usiongee."

"Niache niseme."

"Tulia, nimekwambia. Hawa watu wamejuaje kwamba nakala hazipo?"

"Niliwaambia mimi."

Aliendelea kuzungusha kitambaa, kana kwamba hakusikia.

"Na mlango wa ghala," Fundi alisema. "Siku ile ya mlinzi. Niliufungua mimi."

Mikono ya dada ikasimama. Alimtazama muda mrefu, king'ora kikilia juu yao, na Fundi, aliyekuwa ameyakwepa macho hayo tangu getini, safari hii hakupata pa kuyakimbilia. Kisha dada akavuta fundo, akalikaza sawasawa, kama inavyotakiwa.

"Mama nikamwambie nini?" aliuliza.

Alikuwa anauliza kweli. Alingoja ajibiwe. Fundi akaanza kulia.

Askari aliyekuwa amesikia yote akainama akamuuliza kama anaweza kutembea. Akasema anaweza.