Kilo Sitini na Mbili za Mchanga

"Limezidi kilo arobaini," alisema mwenye mizani, akamkabidhi Fundi karatasi.

Fundi aliisoma mara mbili. Lori lile la safari la Dereva alilichomelea mwenyewe: kitanda, tangi la maji, kabati la chuma la kilo hamsini. Kila kitu alikipima kabla hajakifunga. Kazi ya miezi miwili aliivuta ikafika mitano, kwa sababu ikiisha, Dereva angeondoka. Na leo anaondoka, peke yake. Ndiye aliyemposa miaka miwili iliyopita, Fundi akamjibu kwamba hawezi kumwacha mama yake mgonjwa.

"Umepakia nini bila kuniambia?"

"Sijapakia kitu," Dereva alijibu kutoka kwenye usukani.

"Mimi si mtoto."

Akafungua sanduku chini ya kiti cha abiria. Ndani mlikuwa na magunia mawili, yamefungwa vizuri. Akapapasa moja.

"Mchanga? Unaenda kujenga?"

Dereva aliangalia pembeni. "Ni kilo sitini na mbili."

"Za nini?"

"Ni wewe. Siku ile kabla sijakuposa, ulipopanda mizani ya karakana kwa utani, niliukariri uzito wako. Upande huo ukiwa mtupu, lori linanilalia mimi. Nikaona bora mchanga kuliko kumpakia mwingine."

Fundi alimpenda hata siku ile alipomkatalia, na hakuna siku iliyopita bila kumtamani. Simu ikalia mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa mama:

"Mwanangu, mimi nimepona mwaka mzima sasa. Usinifanye kisingizio. Ameshaondoka?"

Aliirudisha simu mfukoni. Aliyashusha magunia moja baada ya jingine, akapanda, akafunga mkanda.

"Pima tena," alimwambia mwenye mizani.

Dereva hakuthubutu hata kumgeukia.

"Sasa limezidi arobaini na sita," mwenye mizani akasema.

"Hizo sita zimetoka wapi?" Dereva aliuliza.

"Miaka miwili ya kukuwaza. Wenzangu hukonda, mimi nilikula."

Dereva alicheka huku akijifuta macho. "Kwa hiyo tufanyeje, Fundi?"

"Toa kabati la chuma."

"Si ulilihangaikia wiki tatu nzima?"

"Nilikuwa nakuchelewesha. Litoe, bwana. Halafu tupitie kwa mama, ukarudie lile swali mbele yake."