Tangi la Jibini Liende Wapi?

Kabla majirani hawajafungua madirisha, Igiraneza alikuwa amekwisha kufagia ua, kuosha ndoo na kukoka moto. Ua wao pale Mapendo, mjini Goma, ulikuwa wa mawe meusi ya volkano, na fagio likipita juu yake huamsha watu wa nyumba tatu. Majirani walinung'unika kidogo, kisha wakasamehe. Nani anunie nyumba inayotoa jibini tamu kuliko zote mtaani?

Ndiyo, jibini, au fromaji kama wanavyopenda kuiita watu wa Goma. Dative, mama yake Igiraneza, ndiye aliyekuwa fundi. Kila asubuhi alipokea bidoni tano za maziwa, madumu ya lita ishirini ishirini, kutoka vilima vya Masisi. Aliyapasha moto, akayagandisha, akayakamua kwa kitambaa cheupe na kuyatia chumvi. Lita mia moja ziliingia, kilo kumi zikatoka. Igiraneza, msichana wa miaka kumi na miwili, alimsaidia mpaka saa moja, ndipo akavaa sare na kukimbilia shule. Alijivunia mama yake waziwazi, tena mbele ya kila aliyekubali kusikiliza.

Mwaka ule majivuno yalipata chakula kipya. Akina mama kumi na wanne wa ushirika aliomo mama yake, wakiongozwa na Mama Laurence wa Murara, walikuwa wamepata tangi kubwa la chuma la kupikia jibini, lita mia tano kwa mara moja! Tangi lilikaa uani kwa kina Igiraneza, limefunikwa turubai, likisubiri uamuzi. Kiwanda kijengwe wapi? Hapa Mapendo, karibu na wanunuzi, au kule mlimani, juu ya Sake, karibu na ng'ombe?

Igiraneza hakuwa na swali. Alitaka Mapendo, basi. Kiwanda kikipanda mlimani, mama yake atapanda nacho, maana fundi mwingine hakuwepo. Baba alifanya kazi mbali, Butembo. Nani angemwamsha? Nani angemsikiliza akisoma masomo yake jioni?

Fundi aliyeletwa kufunga tangi aliitwa Cirimwami, mtu wa maneno machache. Aliwasikiliza akina mama wakibishana, akakuna kidevu.

"Mama zangu, tusigombane," alisema. "Tuyaulize maziwa yenyewe. Kwa siku kumi, kila bidoni ikifika hapa, kabla ya kuchanganywa na nyingine, chemsheni kijiko kimoja cha maziwa yake. Yakikatika mabonge, yameharibikia njiani: tieni jiwe katika beseni. Yakibaki laini, tieni punje ya muhindi. Jumamosi ya pili tutamwaga beseni na kuangalia: mawe yakiwa mengi, tangi lipande mlimani; yakiwa machache, libaki hapa."

"Kazi hiyo ataifanya mutoto wangu," alisema Mama Dative bila kusita. "Igiraneza hana mkono wa uongo."

Siku tatu za kwanza kazi ilikwenda vizuri. Maziwa yaliletwa na Muzee Twagirayezu, mfugaji mwenye mvi, aliyeshuka kutoka mlimani nyuma ya pikipiki ya mwanawe. Akifika, aliingia ndani kunywa chai, na Igiraneza akachemsha vijiko vyake taratibu mlangoni. Mawe mawili yakaingia katika beseni, punje kumi na tatu zikafuata.

Siku ya nne Muzee hakuingia ndani. Barabara ilikuwa imemchosha, akaketi kwenye kigoda palepale mlangoni, akatazama.

Hapo ndipo Igiraneza aliposhikwa na haya. Bibi yake alikuwa amemfundisha tangu utotoni: maziwa ya mutu hayanuswi mbele yake. Kuyanusa ni kumwambia kwamba ng'ombe wake ni wachafu na mke wake ni mvivu. Sasa ikiwa kunusa tu ni matusi, kuyachemsha kijikoni kama kitu cha kushukiwa kungekuwa nini?

"Karibu Muzee," alisema, macho chini. Akamimina bidoni zote tano ndani ya sufuria kubwa bila kuchemsha hata kijiko, akatia punje tano katika beseni.

Siku hiyo Mungu alimsaidia, maziwa yote yalikuwa mazima. Lakini jioni, alipoosha vyombo, alichungulia beseni. Mawe mawili tu! Mawe yakibaki machache hivi, kiwanda si kitajengwa hapahapa? Wazo hilo likaja limevaa nguo za adabu. Si alikuwa anamheshimu mzee wa watu? Tangu siku hiyo alimwekea Muzee kigoda mlangoni yeye mwenyewe, na kila bidoni ikapata punje yake. Lo! Mtu akitaka kujidanganya, hakosi kisingizio kizuri.

Maziwa, lakini, hayana habari na visingizio vya watu. Siku ya sita sufuria nzima ilikatika ikawa mabonge na maji ya manjano. Mama Dative alikunja uso. Siku ya nane ikakatika tena. Lita mia zilimwagwa mtaroni, na jirani akapiga kelele juu ya harufu.

Igiraneza alimkuta mama yake ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akiitazama mikono yake.

"Mama, una nini?"

"Maziwa ni mazima, wewe mwenyewe umeyapima," alijibu mama kwa sauti ndogo. "Basi kosa ni langu. Mkono wangu umepotea, mwanangu. Miaka tisa ya kazi, na leo tangi limekuja, mkono umepotea."

Machozi yakamtoka. Igiraneza hakuwahi kumwona mama yake akilia kwa ajili ya kazi. Alitaka kusema kweli. Lakini aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona hofu: akisema, mama atakwenda.

Jumamosi ikafika. Akina mama kumi na wanne walijaa uani, Muzee Twagirayezu akapewa kiti cha mbele, na Cirimwami akamwaga beseni juu ya mkeka. Punje arobaini na nane, mawe mawili.

"Eeeh!" akina mama wakapiga vigelegele. "Mapendo! Tangi libaki Mapendo!"

Igiraneza alipata alichokitaka. Mbona basi hakuweza kupiga vigelegele nao?

Kisha Mama Dative akasimama. Alikuwa amevaa kitenge chake kizuri, lakini mabega yalikuwa yameshuka.

"Ndugu zangu, nafurahi pamoja nanyi. Lakini tangi hili litafutieni fundi mwingine. Juma hili nimeharibu maziwa mazima mara mbili. Sitaki kuharibu na yenu."

Mama Laurence alishika shavu. Igiraneza aliwatazama wote wakimtazama mama yake kwa huruma, ile huruma ya kumhurumia mtu aliyekwisha, na akahisi moto usoni. Mama yake! Fundi wa Mapendo nzima!

"Si kweli!" alipaza sauti, akajikuta katikati ya mkeka. "Mama hajaharibu kitu. Ni mimi. Sikupima. Tangu siku ya nne sikuchemsha hata kijiko kimoja. Niliona haya kuyapima mbele ya Muzee. Halafu... halafu nikaona mawe yakiwa machache, tangi halitaondoka, na mama hataondoka. Nikaendelea."

Akaanza kulia mbele ya watu wote, na hakuficha uso.

Aliyesimama alikuwa Muzee Twagirayezu, akiegemea fimbo yake.

"Mutoto, mimi nilifikiri watu wa mjini wamejaa adabu siku hizi, kumbe wanaogopa kijiko!" Akina mama wakacheka kidogo, na hewa ikarudi. "Sikiliza. Bibi yako alikufundisha vizuri, lakini hakukufundisha yote. Anayeletewa maziwa ya zawadi hanusi. Anayeyatengenezea watu chakula, huyo lazima anuse. Maziwa hayatukanwi na pua. Yanatukanwa yakimwagwa mtaroni. Ng'ombe wangu wangejua, wangenikatalia kukamuliwa."

"Unisamehe, Muzee."

"Nimekusamehe. Kesho utapima, nami nitashika kijiko."

Wakarudia kupima siku tatu, Muzee akishika kijiko kama alivyoahidi. Mvua ilikuwa imenyesha, na lori lililokwama kwenye matope karibu na Sake lilizuia pikipiki kwa saa nzima. Kati ya bidoni kumi na tano, sita zilikatika. Sita! Muzee mwenyewe aliyatia mawe katika beseni, akitikisa kichwa.

Akina mama walipokutana tena, Cirimwami alizungumza kuliko siku zote.

"Lita kumi za maziwa zinatoa kilo moja ya jibini. Zilizobaki ni maji. Sasa kwa nini tubebe maji kwenye barabara mbaya, yatuharibikie, kisha tuyamwage mtaroni majirani watutukane? Kule mlimani maji hayo ni chakula cha nguruwe. Kitu kinachopungua kikitengenezwa, kitengenezeni pale kilipozaliwa."

"Basi na mikate yangu niipeleke mlimani?" aliuliza Charline, mwoka mikate wa Katindo, kwa mzaha.

"Hapana, mama. Wewe unatumia mfuko mmoja wa unga, unatoa mikate ya kujaza kibanda, nayo ikilala hainunuliwi. Oveni yako ikae karibu na midomo ya watu."

"Na umeme? Mlimani hakuna umeme," alisema Mama Laurence.

"Tangi linakula kuni, na mikaratusi iko tele kule. Umeme tunautaka kwa chumba baridi cha kuivishia jibini tu. Hicho kijengwe hapa Mapendo, karibu na wateja."

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Mlima ukapata tangi, mji ukapata chumba cha kuivishia. Mama Dative akawa akipanda Jumatatu na kushuka Ijumaa, akiwafundisha wake wa wafugaji kazi yake. Siku hizo Igiraneza alilala kwa Mama Laurence, Murara. Juma la kwanza alilia, tusifiche. Juma la pili akapewa ufunguo wa chumba cha kuivishia. Kila alipotoka shule alizigeuza jibini moja moja, akazifuta kwa maji ya chumvi, akanusa kila moja bila haya yoyote.

Miezi miwili ikapita. Siku jibini za kwanza za mlimani zilipokuwa tayari, ua wa Mapendo ulijaa tena. Jibini arobaini zilipangwa mezani, za manjano, ngumu, hakuna hata moja iliyopasuka. Wafugaji walishuka na wake zao, wamevaa nguo za Jumapili. Wanawake wa mlimani, ambao zamani walituma maziwa bila kujua yaliishia wapi, sasa walionyeshana kwa kidole: "Ile niliikamua mimi! Na ile pale!"

Mama Laurence alichukua kisu kirefu, akamkabidhi Igiraneza. "Kata wewe."

"Mimi? Mimi niliyedanganya?"

Mama Dative akaja, akasimama nyuma ya binti yake na kumwekea mikono mabegani, mikono ileile ya fundi.

"Ndiyo, wewe," alisema, na aliwaangalia wote. "Mwanangu alifanya kosa, nami nilimkemea nyumbani, msidhani sikumkemea. Lakini watoto wote mliopo hapa, mnisikilize. Anayeficha ubovu wa kazi huharibu jina la mwenzake, na hakuna adabu wala mapenzi yanayoweza kuosha jambo hilo. Watu wanasema tangi ndilo lililotupa kiwanda. Mimi nasema tulikipata siku ile mutoto huyu aliposema kweli, akijua kweli hiyo itamwondoa mama yake nyumbani."

Igiraneza akakata kipande cha kwanza, akampa mama yake kwa mikono miwili, naye mama akakila mbele ya watu wote.