Samaki Chini ya Hadubini

Jumanne asubuhi, simu kutoka maabara ya Dar es Salaam ilimkalisha Daktari Marsiana kitini. Kile kipande cha uvimbe alichokikata kwenye taya la Teddy, binti wa miaka saba, kilikuwa kimefika salama ndani ya kichupa chake. Ila chini ya hadubini hakikuwa cha Teddy. Hakikuwa hata cha binadamu. Kilikuwa nyama ya samaki.

Saa nne haijafika, Inspekta Restuta wa polisi Ifakara alikuwa ofisini kwake.

"Huwezi kukata kingine?"

"Jana ningeweza. Leo ukoo umemwondoa mtoto wodini. Wanasema mama yake wa kambo amemlisha sumu, hospitali haina lake. Afande, uvimbe huu unakua kama uyoga. Tukichelewa, tunazika."

"Unamshuku nani?"

"Kwa uvimbe, au kwa kichupa?"

"Anza na uvimbe."

"Huyo namjua. Ni kirusi. Karibu sote tulikipata utotoni, kwa mate tu, kikajificha ndani ya chembe nyeupe za damu. Hakitoki mpaka tunakufa, na wengi hakitusumbui. Lakini mtoto wa bonde hili akipigwa na malaria tena na tena, ulinzi wa mwili unalegea. Chembe zenye kirusi zinazaana ovyo, na ikitokea moja ikaharibika, inageuka saratani."

"Na dawa?"

"Ipo, na ikiwahi, uvimbe unayeyuka. Wataalamu wanatafuta hata namna ya kukitoa kirusi mafichoni ili dawa ikione. Lakini dawa zenyewe ni kali. Siwezi kumtundikia mtoto dripu yake kwa kubahatisha."

Restuta aliamua jambo moja kabla ya kuondoka: kila atakayemhoji ataambiwa kipimo kimeharibiwa, basi. Neno zaidi ya hilo halitamtoka.

Huko Lipangalala alimkuta Balbina, mama wa kambo, amekaa kizingitini macho yamevimba. Kichupa, alichokabidhiwa na hospitali akipeleke stendi, kililala jikoni kwake usiku mmoja, kikisubiri basi la alfajiri.

"Jioni ile nani aliingia?"

"Kaka yangu Hilary, aliniletea kambale. Na shemeji Fulgensi. Marehemu mume wangu, aliyeniachia shamba la mpunga, ni mdogo wake. Aliomba maji ya kunywa, nikaenda kumchotea kisimani."

Kambale! Restuta alikimbiza pikipiki hadi Kivukoni, mtoni. Hilary alikuwa kando ya mtumbwi wake akishona nyavu, na hakuficha hasira zake.

"Nilimwambia dada awaachie mtoto wao, arudi kwetu. Wanamwita mchawi, yeye anahangaika na hospitali!"

"Kwa hiyo ulifurahi kipimo kilipoharibika?"

"Afande, nimeudhika, sijawa mnyama."

Samaki walikuwa wake na sababu alikuwa nayo. Mkono wa Restuta uligusa pingu, ukarudi. Alibaki na mtu mmoja wa kumhoji.

Mzee Fulgensi alimpokea kwa upole, shati limenyooka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

"Kipimo cha Teddy kimeharibiwa."

Mzee akatikisa kichwa. "Muulizeni Hilary. Nani mwingine anashinda na samaki?"

Restuta alishukuru, akaomba ukoo ukutane saa tisa uani kwa Balbina.

Walikuja wote. Shangazi Angelina, wa kwanza kumwita Balbina mchawi, alikuwa amempakata Teddy, shavu la mtoto limejaa hadi jicho linafumba. Daktari Marsiana alisimama kando.

"Baba Fulgensi," Restuta alianza, "asubuhi nilikuambia nini?"

"Kwamba kipimo kimeharibiwa."

"Na samaki alikutajia nani?"

Mzee akanyoosha kola ya shati lake. Restuta hakumngoja.

"Kichupani mlikuwa na nyama ya samaki. Tulijua daktari, mimi na maabara. Wa nne ni aliyeiweka. Balbina alipokwenda kisimani, ulikata kambale wake ukabadilisha. Ulidhani nyama ni nyama, maabara itasema haina ugonjwa, sumu ithibitike, mjane afukuzwe na shamba la mpunga aliloachiwa na mdogo wako lirudi kwako."

"Uongo!" alifoka Fulgensi. Kisha akamtazama Teddy, mabega yakamshuka. "Sikutaka mtoto afe."

"Anakufa sasa hivi, baba. Kipande kiko wapi?"

"Nyumbani, darini. Kwenye chupa ndogo, na maji yake ya dawa. Ningekitupaje? Ni damu ya mdogo wangu."

Marsiana alikuwa ameshakimbilia gari. Jua halijazama, kipande kilikuwa safarini kwenda Dar es Salaam, Fulgensi kituoni, na Teddy kitandani wodini, mkono wake ndani ya mkono wa Balbina.

Jibu lilikuja: saratani ileile aliyoishuku Marsiana, na kirusi ndani yake. Dawa ikatundikwa. Teddy alitapika, nywele zikapukutika, lakini uvimbe ukaanza kunywea hata kabla wiki haijaisha. Jicho likafunguka. Akaomba wali.

Siku alipomaliza dawa ya mwisho na kipimo kikaonyesha hakuna saratani, Shangazi Angelina alitangulia langoni. Alipiga goti mbele ya Balbina mchana kweupe.

"Mwanangu, tulikukosea."

Balbina alimwinua. Vigelegele vikapasua barabara nzima, na Teddy, kichwa kikiwa na upara unaong'aa, akapiga cha kwake kwa kinywa kizima, kirefu kuliko vyote.