Mtaa Uliokwenda Matangani

Mkunjanyumba hakupiga kelele. Alisimama barabarani kwa miguu yake minane, mrefu kuliko nguzo za taa, akashika ukingo wa paa kwa vidole vya mpira na kulibandua taratibu, kama mama anayefunua sufuria ya wali. Vigae viliingia tumboni mwake vikiwa vizima. Akang'oa madirisha, akayapanga. Akachomoa matofali mojamoja, akayasugua kuondoa saruji, akayarundika. Vyombo vya ndani, sahani, viatu, picha za ukutani, vyote alivifunga kwenye makasha meupe bila kuvunja hata kikombe. Nyumba iliyowachukua mafundi kiangazi kizima kuijenga, yeye aliimaliza kabla jua halijafika utosini.

Mhandisi Sifa Wilondja alikuwa upande wa pili wa barabara, mkoba wa safari begani. Ndiyo kwanza ameshuka kwenye treni kutoka Columbus alikokwenda kikazi, na alikuwa njiani kwenda msibani. Kwa muda aliusahau msiba. Aliitazama mashine kama fundi anavyoitazama kazi ya mikono yake, maana nusu ya akili ya mashine hiyo ilitoka kichwani mwake. Kisha akaona pazia la kijani likikunjwa kuingia kwenye kasha, pazia lenye kuku waliotariziwa kwa mkono. Ile ilikuwa nyumba ya Mama Mauwa, mama yake mdogo, aliyemlea tangu hajajua kufunga viatu.

Mji wa Mansell, Ohio, ulikuwa na tabia moja mbaya: kila ulipopungukiwa watu ulibembeleza, kila ulipojaa ulisukuma. Kiwanda cha magurudumu kilipofungwa, wenyeji waliondoka wakaacha mitaa mizima ikiota magugu. Ndipo wakaletwa wakimbizi wa Kongo, waliokuwa wamezeekea kambini Kigoma, wakaambiwa karibuni, nyumba hizi zenu. Watu wakafuta kuvu ukutani, wakalima mchicha kwenye viwanja vilivyojaa vioo, wakazaa, wakajaza shule zilizokuwa zimefungwa. Mtaa wa Tamarack ukawa mtaa. Halafu kusini kukaisha maji. Matajiri wa Arizona na Texas wakaanza kumiminika kwenye miji ya kaskazini penye maziwa, nao walitaka kujenga, na walitaka kujenga palepale Tamarack. Akufukuzaye hakwambii toka.

Visikizi vilivyofukiwa chini ya barabara zote za Mansell vilibuniwa na Sifa. Ni vyombo vidogo kama vifuniko vya chupa, vinavyosikia pumzi ya mtu kupitia ukuta na sakafu, na kila alfajiri hutoa hesabu ya waliolala katika kila nyumba. Sifa alivibuni kwa nia njema. Wazee wa Tamarack waliogopa makarani wa sensa, hawakufungua milango, basi kila mwaka mtaa ulionekana mtupu na zahanati ikapelekwa kwingine. Alijisemea moyoni, tukihesabika tutaonekana. Baraza la mji likampigia makofi, kisha likatunga sheria yake: nyumba isiyosikika pumzi ya mkaaji kwa wiki nzima ni nyumba mfu, na nyumba mfu ni mali ya maendeleo.

Sifa akavuka barabara mbio. "Simama," aliiambia mashine. "Mimi ni mhandisi wa visikizi. Simamisha kazi."

"Shikamoo, mama," mkunjanyumba alijibu kwa Kiswahili kitamu, sauti aliyofundishwa na Sifa mwenyewe ili asiwatishe wazee. "Ufunguo wako wa amri haufanyi kazi katika mtaa huu. Nakuomba usogee kidogo, usije ukaumia."

Akaendelea kuchomoa matofali. Mashine ile ilikuwa na adabu kuliko walioituma, na hilo ndilo lililozidi kumuudhi.

Mkurugenzi wa maendeleo, Bwana Dunleavy, alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale na wageni wawili waliovaa kofia ngumu, kikombe cha kahawa mkononi. Alimwona Sifa, akawaacha wageni, akamjia akitabasamu.

"Pole na safari, Sifa. Nilidhani unarudi kesho."

"Bwana Dunleavy, kuna kosa kubwa. Nyumba hii ina mwenyewe, na mtaa huu wote una wenyewe. Wako ng'ambo ya reli, kwenye matanga ya Mzee Asukulu. Kwetu mtu akifa hatumwachi mfiwa alale peke yake. Tunahama, tunalala kwake, mpaka marehemu azikwe na matanga yaanuliwe."

"Najua," alisema Bwana Dunleavy.

"Basi mfumo umekosea. Umesoma mtaa mtupu wakati..."

"Mfumo haujakosea. Najua mambo ya matanga kwa sababu ulinieleza wewe."

Sifa akamkodolea macho. Akakumbuka siku ile, mwaka uliopita, walipokuwa wanajaribu visikizi. Kwenye ramani ya taa iliyokuwa ukutani, mtaa mmoja ulizima ghafla, na nyumba moja ikawaka kwa watu kama mzinga wa nyuki. Mkurugenzi aliuliza hiyo ni hitilafu gani, naye akacheka, akaeleza kwa fahari desturi ya kwao, jinsi kwao hata maskini asiye na ndugu ana mtaa mzima wa kumlilia. Mkurugenzi akauliza kwa upole huwa wanakaa siku ngapi. Sifa akajibu inategemea aliyekufa. Akiwa mtu mkubwa, watasubiri watoto wake watoke majimbo ya mbali, itapita wiki. Mkurugenzi alimshukuru. Hata chai alimmiminia.

"Kwa hiyo mlikuwa mnangoja mtu mkubwa afe," alisema Sifa.

"Hatukumuua mtu. Sheria inasema wiki, na wiki imepita. Taarifa zilitumwa kwenye milango yao."

"Milango ambayo mlijua haina mtu nyuma yake."

Bwana Dunleavy akanywa kahawa. "Tumewatengea vyumba nje ya mji, vipya, vina joto. Leo tunakunja hii moja ili wageni waone. Zilizobaki kesho, isipokuwa zile zitakazosikika pumzi za wakaaji wake wote usiku huu na kila usiku baada yake, maana nyumba iliyokwisha kuitwa mfu haipewi tena wiki. Sheria ndivyo ilivyo, na mimi siwezi kuivunja."

Sifa alitamani kumtemea mate. Alikuwa na hasira iliyojaa mpaka kwenye meno, na robo tatu yake ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe. Akageuka, akaivuka reli.

Nyumbani kwa Mzee Asukulu watu walikuwa wamefurika hadi uani. Mama Mauwa alikuwa anasonga ugali kwenye sufuria kubwa, kanga kiunoni, jasho likimtiririka.

"Umefika, mwanangu. Ingia ndani kwanza umlilie mzee, habari baadaye."

"Mama, habari haiwezi kungoja. Wamekunja nyumba yako."

Mama Mauwa akaacha mwiko. Akafungua fundo la kanga, akatoa ufunguo, akautazama. "Niliifunga," alisema. "Niliifunga vizuri."

Sifa akawaeleza, yeye akiwa amesimama, wao wamekaa mikekani. Hakuficha kitu. Alieleza visikizi, akaeleza wiki, akaeleza ni nani aliyemwambia mkurugenzi kwamba Wakongo hulala matangani. Mzee mmoja akasonya. Mama Mauwa alisema bila kupandisha sauti, "Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo nilikuwa naisikia tu."

"Mnipige mkitaka," alisema Sifa. "Lakini kwanza sikilizeni. Nyumba nyingine bado. Kila mtu akilala kwake usiku wa leo, na kila usiku, hawawezi kuzigusa."

"Na huyu?" Mzee aliyesonya alimwonyesha mjane kwa kidevu. "Tumwache na kilio chake? Mumewe hajazikwa. Sisi ni watu au ni mbwa?"

Wengi wakaitikia kuwa hawaondoki, wakunje mpaka wachoke. Mama Apolina, mjane, alikuwa amejiinamia pembeni kwa siku zote hizo bila kusema zaidi ya jina la mumewe. Akainua kichwa.

"Asukulu aliwapokea kituo cha basi," alisema, "mmoja mmoja, mkiwa na mifuko ya plastiki. Aliwapeleka kwenye nyumba zile, akawaonyesha jiko linavyowashwa. Mkizipoteza kwa ajili ya kumlilia, mtakuwa mmemuua mara ya pili. Nendeni mkalale."

Hakuna aliyesogea.

"Nimewafukuza," alisema. "Semeni Apolina amewafukuza, aibu iwe yangu. Kwanza watu wa baraza walitaka nyumba zetu, sasa wamechukua na kilio chetu. Nyumba msiwape."

Wakaanza kuondoka jua likishuka. Waliinamisha vichwa, wakabeba watoto na mablanketi, na walipopita mbele ya mjane hawakuweza kumtazama. Wengine walilia barabarani, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Uani sufuria ya ugali ilibaki imejaa.

Mama Mauwa hakwenda popote, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda. Akatandika mkeka karibu na mjane. Sifa naye akautandika wake.

"Wewe una nyumba mjini," alisema Mama Mauwa. "Nenda kaipumulie."

"Nitalala hapa, mama. Waje waikunje."

Mama Mauwa akavuta mkeka wake kando kidogo, nafasi ya mtu mmoja.

"Lala. Lakini usinisemeshe mpaka tumzike."

Mama Apolina akaanzisha kilio cha mumewe, ule wimbo ambao mfiwa hutaja jina la marehemu na watu huitikia. Jana yake mtaa mzima uliitikia, mpaka vioo vikatetemeka. Safari hii alitaja jina, akanyamaza kungoja, na katika sebule nzima ikamjibu sauti moja, ya Mama Mauwa, Sifa akiwa hajathubutu kuitikia.