Printa ya Wamuyu

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, Jepleting na Wamuyu walikutana langoni mwa shule yao huko Molo, baridi ikiwatoa mvuke midomoni. Wamuyu hakuwa akiona. Alishika kiwiko cha rafiki yake, wakaelekea darasa la Gredi ya Nane wakibishana njia nzima, maana hakuna aliyewahi kumshinda Wamuyu kwa mdomo.

Wiki hiyo walikuwa na jambo moja tu la kuzungumzia. Wamuyu alikuwa amechaguliwa kuiwakilisha shule Nakuru, siku ya Ijumaa, katika mashindano ya kusoma hadithi kwa sauti. Sharti lilikuwa kali: msomaji asome kwenye karatasi, asikariri. Hadithi ilikuwa na kurasa ishirini, na haikuwapo kwa breli, yale maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole. Kuitoboa yote kwa mkono kungechukua wiki mbili.

Shule ilikuwa na printa ya breli, dude zito lililofunikwa gunia la viazi stoo tangu kompyuta yake ilipoharibika. Programu yake ilielewana na mfumo endeshi mmoja tu, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta: DOS, ule wa kizamani wa kioo cheusi na herufi nyeupe. Kompyuta mpya hazikutaka hata kuisikia.

Jepleting hakukata tamaa. Jumatatu, mwalimu wa kompyuta akiwa safarini, alipekua mtandaoni kwenye kompyuta ya ofisini, akagundua jambo lililomfanya aruke kitini. DOS ilikuwa na mrithi! Watu wa kujitolea kutoka pande zote za dunia walikuwa wameuandika upya mfumo ule na kuufanya huria. Yeyote angeweza kuupata bure, kuuchungulia ndani na kuurekebisha, kama vile watu wa Molo wanavyogawiana mbegu ya viazi.

Jumanne mchana aliuweka kwenye kompyuta kuukuu, akaunganisha printa na kubonyeza. Ta-ta-ta-ta! Ukurasa mmoja wa majaribio ukatoka. Wamuyu akaupapasa.

"Jina langu ni Wamuyu," akasoma. Kisha akapiga kelele, "Aki imekubali! Imekubali!"

Mwalimu Hiram, aliyewafunza kompyuta, alikuja mbio. "Jepleting! Huu mfumo umeutoa wapi?"

Darasa zima lilikuwa likimtazama. Sifa ni tamu, nazo humlevya hata mtoto mwerevu.

"Nimeuunda mwenyewe, Mwalimu."

Jioni hiyo alifuta majina ya waundaji yaliyojitokeza kompyuta ilipowaka, akaandika: MFUMO WA JEPLETING. Asubuhi iliyofuata, gwaride zima lilimpigia makofi.

Jumatano hiyohiyo wakaanza kuchapa hadithi. Printa ilitoa ukurasa mmoja na nusu, ikakoma. Wakarudia. Ikakoma palepale. Kufikia saa kumi, walikuwa na rundo la karatasi zisizofaa.

"Haya, fundi," Mwalimu Hiram akasema. "Wewe ndiye uliyeuunda. Shida iko wapi?"

Jepleting aliona aibu hadi masikio yakamwaka. Wale waundaji walikuwa na jukwaa mtandaoni, na kila aliyeuliza alijibiwa. Lakini kompyuta yenye mtandao ilikuwa moja tu, ile ya ofisini, mezani kwa Mwalimu Hiram, na sasa mwenyewe alikuwepo. Angeuliza vipi bila uongo wake kujulikana?

"Nitajaribu kesho," akanong'ona.

Njiani, Wamuyu alimbana. "Mbona umenyamaza hivyo?"

"Si kitu."

"Wee, usinidanganye. Kama haitawezekana, niambie leo nimwachie mwingine nafasi. Usinifanye ningoje bure."

Maneno hayo yalimchoma. Usiku hakulala vizuri, na Alhamisi alfajiri alikuwa mlangoni mwa ofisi.

"Mwalimu, nilidanganya. Mfumo si wangu. Niliwafuta wenyewe nikaandika jina langu."

Mwalimu Hiram akawasha kompyuta. "Kwa hiyo jana nzima msaada ulikuwa hapa mezani, na wewe ukakaa kimya?"

"Ndiyo, Mwalimu. Naomba msamaha."

"Utaomba msamaha gwarideni pia. Lakini kwanza, keti uandike swali lako."

Akaandika. Kabla ya kengele ya chakula, jibu likaja! Halikutoka ng'ambo, bali Kitale, kwa fundi mmoja aitwaye Nekoye: "Printa za breli ni za polepole. Kompyuta inachoka kungoja, inadhani printa imekufa. Iambie ingoje." Chini yake palikuwa na amri ya mstari mmoja tu.

Jepleting aliinakili kwenye kompyuta kuukuu. Ta-ta-ta-ta! Ukurasa wa pili ukakamilika. Wa tatu! Darasa likaanza kuhesabu kwa sauti. Walipofika ishirini, kelele zilisikika hadi barabarani.

Gwarideni jioni, Jepleting alisema ukweli wote. Wengine walimzomea, naye akavumilia.

Ijumaa, ukumbini Nakuru, Wamuyu alisoma, vidole vikikimbia na sauti ikipanda na kushuka, hata watu wakasahau kukohoa. Hadithi ilipoisha, vidole havikukoma. Palikuwa na maneno aliyoyaongeza Jepleting bila kumwambia.

"Kurasa hizi," Wamuyu akasoma, akicheka, "zimewezeshwa na waundaji wa mfumo huria, ambao hatujawahi kuwaona, na Nekoye wa Kitale. Asanteni."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Wamuyu alishika nafasi ya pili, akabishana kwamba alistahili ya kwanza.

Kabla hawajarudi Molo, Mwalimu Hiram alimwita Jepleting kando.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akamwambia. "Uliposema kazi ni yako peke yako, ulijifungia mlango wa kusaidiwa, na aliyekaribia kuumia ni Wamuyu. Watu wale hawakukudai chochote. Ulitakiwa kuwatambua tu. Sasa ziko shule nyingine zenye printa kama yetu. Ziandikie maelezo ya kuutumia mfumo huu, uweke majina yote ya waliousaidia."

"Nitayaweka yote, Mwalimu."

"Na jina lako, chini kabisa. Mara hii ni haki yako."